Vocha ya GB 5 inakatika kwenye 4.29: kaunta ya biti 64 ndani ya ruta ya biti 32

Langoni_Waya

Salaam aleikum wadau, poleni na shughuli. Niko Lamu, natunza mtandao wa nyumba kadhaa za wageni Shela na nyingine hapa mjini nyuma ya Mkunguni. Mgeni akifika ananunua vocha, GB 5 au GB 10, ruta inahesabu baiti zake, zikifika kikomo inamkata. Ruta zenyewe ni zile za bei nafuu za chipu ya MT7621, prosesa aina ya MIPS ya biti 32, kori 2 nyuzi 4 (Linux inaziona kama kori 4), ndani kuna Linux, na juu yake kuna moduli ya kerneli (kipande cha programu kinachochomekwa kwenye kiini cha Linux) ya kuhesabu vocha tuliyouziwa pamoja na mfumo wote, waliotuuzia siwataji maana siyo lengo la uzi huu.

Sasa kuna kitu kinanikera sana. Mara moja moja mgeni wa GB 5 anakatwa kabla ya wakati, na si popote tu, kila nikifungua logi nakuta amekatwa kwenye 4.29. Wale wa GB 10 wakikatwa mapema wanakatwa kwenye 8.59. Wengi wanapita hapo salama hawana neno, mmoja katika wengi ndo anakwama. Cha ajabu logi ya kukata inasema yule wa GB 5 ametumia 8.59, lakini ukisoma kaunta ile ile sekunde moja baadaye inakwambia 4.29, yani namba imepanda ikashuka yenyewe na hakuna aliyeigusa. Mwenye nyumba anadhani mgeni muongo, mgeni anaona sisi wezi. Hizi ni pesa za watu jamani, nataka kujua ni kitu gani hasa, mambo ya kuzima na kuwasha ruta sitaki kusikia.

Maweni_254

Waaleikum salaam kaka. Hiyo huku Malindi tunaijua, kaunta imejaa ikarudi sifuri. Biti 32 mwisho wake ni 4,294,967,296, ndo hiyo 4.29 yako. Laini ya 10 Mbps ikitembea imejaa inaimaliza kaunta ya baiti kwa dakika 57, ya 100 Mbps ni dakika 5 na sekunde 44, ya 1 Gbps sekunde 34 tu kwisha. Ndo maana kwenye SNMP (njia ya kusoma kaunta za vifaa vya mtandao) wakaleta kaunta za biti 64, waraka wa viwango RFC 2863 wa mwaka 2000 inasema laini inayozidi 20 Mbps baiti zake zihesabiwe kwa biti 64. Toka ifInOctets (kaunta ya biti 32) nenda ifHCInOctets (ya biti 64) uone kama haitatulia.

Langoni_Waya

Asante ndugu yangu, na namba zako ni za kweli kabisa, ila hii siyo kujaa. Kaunta ikijaa inashuka na inabaki chini, inaanza upya. Yangu inapanda kwa 4.29 kamili alafu inarudi mahali pake kama hakuna kilichotokea. Na ndani ya moduli (sosi tunayo, leseni yake ni GPL) kaunta ni u64, yani namba ya biti 64, tangu mwanzo, nimeangalia kwa macho yangu. Kwa laini ya 10 Gbps biti 64 zinachukua zaidi ya miaka 460 kujaa, kwa hivyo kujaa hakupo.

mtoto_wa_Wiyoni

memori ya ruta imeharibika hiyo, badilisha ruta

Langoni_Waya

Ruta tofauti, nyumba tofauti, namba ile ile 4.29. Memori mbovu haichagui namba.

Bi_Gede

Hamjambo. Langoni, umeshajijibu nusu, sema hujaiona. Umesema kaunta ni u64 na umesema prosesa ni ya biti 32. Sasa jiulize prosesa ya biti 32 inabebaje namba ya biti 64? Haiwezi kuibeba mara moja. Rejista zake (vishikio vya namba ndani ya prosesa) ni za biti 32, kwa hivyo kwenye kodi unaandika mstari mmoja tu, `baiti += urefu`, lakini kompaila (inayogeuza kodi kuwa amri za prosesa) inautoa vipande: soma nusu ya chini, soma nusu ya juu, jumlisha chini, kama imevuka ongeza moja juu, andika chini, andika juu. Kusoma hivyo hivyo, nusu moja alafu nusu nyingine. Katikati ya hizo nusu mbili kuna mwanya, ni mdogo mno lakini upo.

Chukua mgeni wako. Kaunta iko ukingoni, nusu ya juu ni 0, nusu ya chini ni 4,294,967,000 na kitu. Mkaguzi wa vocha, yani kodi inayolinganisha kaunta na kikomo, anasoma nusu ya chini, anapata hiyo namba kubwa. Kabla hajasoma ya juu pakiti inaingia, interapti (ishara ya chuma inayokatiza kazi iliyopo) inamsimamisha, anayehesabu anaongeza baiti 1500, nusu ya chini inavuka inakuwa ndogo, ya juu inakuwa 1. Mkaguzi anarudi pale alipoachia, anasoma nusu ya juu, anapata 1. Anaunganisha 1 mpya na ile ya chini ya zamani: 8.59. Namba hiyo haijawahi kuwepo kwenye kaunta hata dakika moja, ameitunga yeye kwa kuunganisha vipande vya nyakati mbili. Analinganisha na GB 5, imezidi, anakata, na akishakata vocha imekufa hata kama akisoma tena anapata 4.29 sahihi.

Ndo maana wa GB 10 wanakatwa kwenye 8.59, hapo anaona 12.88. Ukingo wa kwanza wa 4.29 wanauvuka salama kwa sababu hata akikosea pale anaona 8.59 ambayo ni chini ya 10. Na jua pia kuna upande wa pili. Mkaguzi akisoma ya juu kwanza anapata pungufu ya 4.29, au akiingia wakati mwandishi ameshaandika chini hajaandika juu. Hiyo hakuna mgeni atakayekuja kulalamika.

Mzee_Mokowe

Mwanangu Bi_Gede umeeleza vizuri, niongeze kidogo kwa vijana ambao hawajaona. Zamani nikifanya kazi ya kuhesabu magunia gatini tulikuwa na vibao viwili vya chaki, kimoja cha mamia na kimoja cha chini ya mia, na kila kimoja na mtu wake. Gunia la mia moja likipita, wa kulia anafuta 99 anaandika 00, wa kushoto anafuta 0 anaandika 1. Karani akitupa jicho kulia kwanza akaona 99, alafu akageuka kushoto akakuta 1 imeshaandikwa, anaandika 199. Hakuna aliyemdanganya, vibao vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati wake.

mtoto_wa_Wiyoni

Shikamoo mzee. Nimeelewa sasa. Si aweke tu `volatile` kwenye hiyo kaunta, kompaila iache kucheza nayo?

Bi_Gede

Volatile haisaidii hapa mdogo wangu. Inamwambia kompaila asome memori kweli kila mara, asikumbuke namba ya zamani kwenye rejista. Lakini haimpi prosesa nguvu ya kusoma biti 64 kwa mpigo. Utapata kusoma mara mbili zile zile, mwanya ule ule.

Na usidhani ni MIPS peke yake. x86 ya biti 32 ina tatizo hilo hilo, ila kuanzia Pentium wana amri ya CMPXCHG8B inayoshika baiti 8 kwa pamoja. ARM za biti 32 za baadaye zina LDREXD na STREXD. MIPS32 ya kwenye chipu hii haina kitu cha namna hiyo, amri zake za LL na SC ni za biti 32 tu, za biti 64 ziko kwenye MIPS64. Kwa hivyo kwenye ruta ya Langoni lazima programu yenyewe ifanye kazi hiyo, chuma hakitamsaidia.

Maweni_254

Basi loki. Spinloki moja (kufuli, asiye nayo anazunguka akisubiri), anayeandika aishike, anayesoma aishike, mambo yameisha. Au atumie atomic64_t ya kerneli, namba ya biti 64 isiyokatika, iko tayari.

Bi_Gede

Usahihi utaupata Maweni, sikatai. Ila angalia nani analipa. Kaunta hii inaandikwa kila pakiti, pakiti elfu nyingi kwa sekunde, na inasomwa mara chache tukilinganisha. Ukiweka loki umemtoza anayeandika kila pakiti kwa ajili ya msomaji anayepita mara moja moja. Na atomic64_t kwenye prosesa isiyo na amri ya biti 64 nyuma yake ni loki ile ile, faili la lib/atomic64.c lina safu ya spinloki 16, anwani ya kaunta ndiyo inayochagua itumike ipi, na interapti zinazimwa wakati inashikwa. Kaunta zako 2 zisizohusiana kabisa zinaweza kuangukia loki moja zikasubiriana. Kwa kaunta ya kitu kinachotokea mara chache iweke bila wasiwasi, ni rahisi na ni salama. Kwa pakiti kwenye ruta ya 880 MHz, hapana.

Kinachotakiwa ni mzigo uhamie kwa msomaji. Mwandishi asimsubiri mtu, msomaji ndo arudie akiona amesoma katikati ya kuandikwa.

Langoni_Waya

Hapo ndo nataka kufika dada. Nimepekua sosi ya kerneli nimeona draiva za mtandao zinatumia kitu kinaitwa u64_stats_sync, nimeona u64_stats_update_begin kwa anayeandika na u64_stats_fetch_begin kwa anayesoma, lakini sijaelewa ndani yake inafanya nini mpaka loki isihitajike.

Bi_Gede

Ndiyo hiyo hasa. Ni kazi ya Eric Dumazet ya mwaka 2010, wakati Linux inahamisha takwimu za mtandao ziwe biti 64 hata kwenye mashine za biti 32. Chini yake kuna seqcount, ndugu wa seqlock iliyoingia kwenye tawi la 2.5 mwaka 2003, mwanzo kwa ajili ya kusoma saa ya mfumo.

Pembeni ya kaunta unaweka namba nyingine ndogo ya biti 32, tuiite alama. Ikiwa shufwa (0, 2, 4) hakuna anayeandika, ikiwa witiri (1, 3, 5) kuna mtu ndani.

```
anayeandika:
    alama = alama + 1        // sasa ni witiri
    kizuizi cha kuandika
    baiti = baiti + urefu    // nusu mbili, hata zikikatika poa
    kizuizi cha kuandika
    alama = alama + 1        // imerudi shufwa

anayesoma:
  rudia:
    a = alama
    kama a ni witiri, rudia
    kizuizi cha kusoma
    b = baiti
    kizuizi cha kusoma
    kama alama si a tena, rudia
    b ni salama, itumie
```

Alama ni biti 32 kwa hivyo yenyewe haikatiki, prosesa inaisoma kwa mpigo mmoja. Msomaji akianza na shufwa akamaliza na shufwa ile ile, anajua hakuna aliyeingia katikati, basi nusu zake mbili ni za wakati mmoja. Ikibadilika anatupa alichosoma anaanza upya. Mwandishi amelipa kuongeza namba mara mbili na vizuizi viwili, hajamngoja mtu.

Na hivyo vizuizi, vinavyolazimisha mpangilio wa kusoma na kuandika, usiviruke hata siku moja. x86 kwa tabia yake haichanganyi mpangilio wa kuandika kwa kuandika, wala wa kusoma kwa kusoma, kwa hivyo mtu anaweza kuviacha akapima kwenye laptop yake miezi, kompaila ikimhurumia haoni kitu, alafu anapeleka ARM au MIPS yenye kori kadhaa inavunjika. Prosesa hizo zinaruhusiwa kuonyesha kori nyingine maandishi kwa mpangilio tofauti na ule uliouandika, alama mpya inaweza kuonekana kabla ya baiti mpya na ulinzi wote umekwisha. Kwenye Linux ni smp_wmb na smp_rmb, ukitumia u64_stats au seqcount viko ndani tayari.

Mzee_Mokowe

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Linux. Leslie Lamport mwaka 1977 aliandika juu ya jambo hili hili, namba yenye tarakimu nyingi, mmoja anaandika na mwingine anasoma bila kungojana. Akaonyesha kwamba kama namba inapanda tu haishuki, mwandishi akiandika tarakimu kutoka upande mmoja na msomaji akasoma kutoka upande wa pili, basi msomaji anapata namba iliyo ndani ya mipaka, haitakuwa kubwa kuliko mwisho au ndogo kuliko mwanzo kutegemea upande uliochagua. Tarakimu moja tu ndo lazima isomeke kwa mpigo.

Na Windows ya biti 32 wana saa ya mfumo iliyokaa vipande vitatu, LowPart, High1Time na High2Time. Anayeandika anaanza na High2Time, anaandika LowPart, anamaliza na High1Time. Msomaji anaanza na High1Time, kisha LowPart, kisha anaangalia High2Time, zikiwa sawa amesoma salama, zikitofautiana anarudia. Nusu ya juu imeandikwa mara mbili na yenyewe ndo inafanya kazi ya alama. Mimi napenda sana hiyo, hakuna namba ya ziada isiyo na maana yake.

mtoto_wa_Wiyoni

Mzee na msomaji si anaweza kurudia milele kama pakiti haziachi kuingia?

Bi_Gede

Swali zuri sana, na jibu lina sehemu mbili. Kwa kawaida hapana, mwandishi yuko ndani kwa nanosekunde chache tu, msomaji atapata nafasi, atarudia mara moja au mbili.

Lakini kuna milele ya kweli, na hapa Langoni tafadhali soma polepole maana ndo panapoua ruta. Mwandishi ameanza, alama ni witiri. Kabla hajamaliza interapti inaingia kwenye kori ile ile, na ndani ya interapti kuna msomaji. Msomaji anaona witiri, anasubiri mwandishi amalize. Mwandishi hawezi kumaliza kwa sababu interapti ndiyo imekalia kori yake. Ruta imeganda, hairudi. Kwa hivyo kama msomaji wako anaweza kuja ndani ya interapti, mwandishi lazima azime interapti kwenye kori yake kabla ya kuanza. Mwandishi kunyang'anywa prosesa na kazi yenye kipaumbele cha juu ni balaa lile lile.

La pili ni waandishi wawili. Seqcount yenyewe hailindi mwandishi kwa mwandishi. Wawili wakiongeza alama kwa pamoja nyongeza moja inaweza kupotea, alama inabaki witiri daima, na kila msomaji atakayekuja baada ya hapo anazunguka asitoke. Hili waliandika wazi kwenye kerneli juu ya i_size_write, ile inayoandika ukubwa wa faili, kwamba mashine ya biti 32 yenye kori nyingi lazima iwe na loki kwa waandishi, bila hivyo anayesoma i_size_read atazunguka bila mwisho. Ukubwa wa faili nao ni namba ya biti 64, ni hadithi hii hii.

Langoni_Waya

Basi hapo pana kazi, maana kwangu waandishi ni wengi. Pakiti za mgeni mmoja zinaweza kuingia kwenye nyuzi yoyote kati ya 4. Na nimeona kingine, kaunta imewekwa kwenye struct (kifurushi cha data) iliyobanwa kuokoa nafasi, nusu ya chini inaangukia mwisho wa laini moja ya kashe (kipande cha memori ya haraka ya prosesa) na ya juu mwanzo wa laini ya pili. Nadhani hiyo inaupanua ule mwanya, kama laini ya pili haipo kwenye kashe msomaji anasimama kuisubiri.

Alafu kuna hili nalo. Kama waandishi wawili wanafanya `baiti += urefu` bila ulinzi, si wanapotezeana hata hesabu zenyewe? Wote wanasoma 1000, mmoja anaongeza 1500 mwingine 600, wa mwisho kuandika ndo anabaki.

Bi_Gede

Wanapotezeana kweli, na hiyo ndo inayonisikitisha kwenye moduli za namna hii, zinamhesabia mgeni pungufu kidogo kidogo kila siku na hakuna anayejua, alafu siku moja zinamzidishia GB 4 kwa mpigo.

Dawa ya yote mawili ni kila kori iwe na kaunta yake. Mgeni mmoja ana kaunta 4, kila nyuzi inaandika ya kwake tu, kwa hivyo kila kaunta ina mwandishi mmoja, loki ya waandishi haihitajiki. Kila moja ina alama yake pembeni. Msomaji anazipita zote 4, kila moja anaisoma kwa ule mtindo wa kurudia, anajumlisha. Ipe kila moja laini yake ya kashe, kwenye chipu yako laini ni baiti 32, kwa hivyo ni baiti 128 kwa mgeni, wageni 1000 ni kama KB 128. Memori hiyo unayo. Faida nyingine kori hazinyang'anyani laini moja ya kashe kila pakiti, na hiyo peke yake utaiona kwenye kasi.

FreeBSD (mfumo mwingine unaofanana na Linux) wana kitu kilekile kinaitwa counter(9), kilikuja na toleo la 10. Kwenye amd64 (prosesa za biti 64 za Intel na AMD) kuongeza ni amri moja tu bila hata kufunga basi la memori, kwa sababu kila prosesa inagusa ya kwake.

Maweni_254

Nakufuata dada lakini jumla ya kaunta 4 si nayo imesomwa kwa nyakati tofauti? Ukifika ya nne ya kwanza imeshasonga. Tumetoka kwa nusu 2 tumeingia kwa robo 4.

Bi_Gede

Umeona mbali, ila tofauti ni kubwa. Nusu ya juu na ya chini zikichanganyika unakosea kwa 4.29 GB. Kaunta 4 zilizosomwa kila moja ikiwa nzima, kosa lake ni pakiti chache zilizoingia wakati unasoma, na kwa sababu zote zinapanda tu, jumla yako haiwi chini ya ukweli wa pale ulipoanza wala juu ya ukweli wa pale ulipomaliza. Kwa vocha hiyo ni sahihi, kwani hata ungesoma kwa mpigo pakiti ingeingia mara tu baada ya kusoma.

Ila ukitaka baiti na idadi ya pakiti zilingane kabisa usitegemee u64_stats kukupa hilo. Kwenye mashine ya biti 64 ile alama haipo kabisa, kodi yake inakuwa tupu, kila kaunta inasomwa nzima lakini mbili zinaweza kutofautiana kwa pakiti moja mbili.

Na kama wageni ni wengi sana na kujumlisha kila mara kunakuchosha, angalia percpu_counter. Ina jumla moja ya katikati na vijalizo kwa kila kori, kijalizo kikifika kiwango fulani kinamwagwa katikati chini ya loki. Ndani yake kuna percpu_counter_compare ambayo ni kama imeandikwa kwa ajili ya vocha: inalinganisha kwanza na jumla ya kukadiria, ikiwa uko mbali na kikomo inakujibu hapo hapo, ukikaribia ndo inapita kori zote kupata hesabu kamili. Kwa wageni wa nyumba chache huna haja nayo, najaza tu kwa atakayesoma uzi baadaye.

Langoni_Waya

Wadau nimerudi. Nimeiandika upya sehemu ya kuhesabu, kaunta kwa kila kori, u64_stats_sync kila moja, mkaguzi nimemtoa kwenye interapti nikamweka kwenye kazi ya kawaida ya kerneli, na anayeandika yuko ndani ya softirq (kazi ya pakiti inayofuata baada ya interapti) kwa hivyo hakuna mkaguzi atakayemkatiza kwenye kori yake.

Kupima ndo nilitaka niseme kwa kirefu maana watu wanaharakisha hapa. Kusubiri mgeni afike 4.29 hakupimi kitu, mwanya ni mdogo, unaweza kukaa kimya ukadhani umepona. Nimefanya njia mbili. Ya kwanza nje ya kerneli, programu ndogo ya nyuzi mbili kwenye ruta yenyewe: mmoja anaandika kwa zamu biti 64 zote sifuri alafu zote moja, mwingine anasoma tu, na akipata chochote kisicho sifuri tupu au moja tupu, amekamata kusoma kuliokatika. Hapo kila kuandika ni ukingo, husubiri GB 4. Bila alama inakamata papo hapo, ukiweka alama na vizuizi inakaa kimya usiku kucha. Ukitoa vizuizi tu ukaacha alama usichukulie ukimya wake kama ushahidi, kompaila na prosesa za watu hazifanani.

Ya pili ndani ya moduli, kaunta ya majaribio inaanza KB chache chini ya ukingo badala ya sifuri, kwa hivyo kila kikao kinavuka ukingo mara tu mtu anapofungua ukurasa wa kwanza. Hii nimeiiga kwa wenyewe wa Linux, jiffies (kaunta ya mapigo ya saa ya kerneli) haianzi sifuri, inaanza dakika 5 kabla ya kujaa, INITIAL_JIFFIES ni -300*HZ, ili draiva mbovu ya kulinganisha muda iumbuke dakika ya 5 mezani kwa aliyeiandika. Kwa HZ ya 100 (mapigo 100 kwa sekunde) kwenye biti 32 ingejaa baada ya siku 497 na ingemkuta mteja.

Mzee_Mokowe

Hapo umefanya kazi mwanangu. Siku 497 hakuna fundi anayezisubiri. Windows 95 na 98 ziliganda baada ya siku 49.7 za kuwaka mfululizo kwa kaunta ya milisekunde ya biti 32, na Boeing 787 mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza umeme wake uzimwe na kuwashwa kabla ya siku 248, kaunta ndani ya vidhibiti vya jenereta ilikuwa inajaa. Zile ni za kujaa, siyo za kukatika kama yako, lakini zote zinamkuta mtu akiwa mbali na fundi.

mtoto_wa_Wiyoni

Swali la mwisho kwa Bi_Gede, Langoni akinunua ruta za biti 64 si yote haya yanaisha?

Bi_Gede

Kukatika kunaisha, ilimradi kaunta imekaa kwenye anwani inayogawanyika kwa 8 na kodi imewekwa READ_ONCE na WRITE_ONCE ili kompaila isiivunje. Kupotezeana hesabu hakuishi, `baiti += urefu` bado ni soma, ongeza, andika, na kori mbili bado zinaweza kukanyagana. Kwa hivyo kaunta kwa kila kori inabaki. Raha yake ni kwamba kodi ile ile ya u64_stats aliyoandika itakompailiwa huko bila kubadilisha mstari, alama inatoweka yenyewe.

Maweni_254

Kaka Langoni na wale waliokwisha kukatwa? Maana mimi huku nina moduli ya hao hao nadhani.

Langoni_Waya

Wanapatikana kirahisi. Kwenye logi ya kukata tafuta wa GB 5 walioandikiwa 8.59 na wa GB 10 walioandikiwa 12.88, alafu linganisha na kaunta iliyosomwa mara baada ya hapo, tofauti ikiwa 4,294,967,296 ukiondoa pakiti chache basi huyo alionewa. Walilalamika kwa kuwa wa GB 5 bado walikuwa na kama MB 700, na wa GB 10 kama GB 1.4. Orodha nimewapa wenye nyumba, waliobaki Lamu wamewekewa vocha mpya, walioondoka wanarudishiwa kwa njia waliyolipia.

Kuhusu moduli yako fungua sosi utafute kila u64 inayoongezwa kwa `+=` ndani ya kodi ya pakiti, uangalie pembeni yake kuna nini. Kama hakuna u64_stats, hakuna loki, hakuna atomic64, ni hiyo hiyo. Na usiishie kwenye baiti, kwangu kulikuwa na ya pili ya muda wa kikao inayohesabiwa kwa nanosekunde, na hiyo nusu ya chini inavuka ukingo kila sekunde 4.29. Kiraka nakibandika hapa kesho nikitoka Shela, nishamaliza kukipima kwenye ruta mbili bado moja.